Imam Ghazali: Msomi aliyepoteza sauti Baghdad, akaanza upya katika ukimya

KATIKATI ya mwaka 1095, mjini Baghdad, mwalimu aliyekuwa na jina kubwa kuliko walimu wote wa zama zake aliketi mbele ya wanafunzi wake, akafungua kinywa, na neno halikutoka.

Hakuwa mzee, kwani umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 37. Hakuwa na njaa wala deni, na hakuna aliyemfukuza kazi. Alikuwa na cheo, mshahara, heshima ya khalifa na wanafunzi wapatao 300. Hata hivyo, ulimi uligoma, koo likakataa chakula, na mwili ukaanza kudhoofika siku hadi siku.

Mtu huyo ni Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, ambaye wakazi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki humtaja kwa jina la Imam Ghazali. Maisha yake yanabeba swali ambalo hadi leo linawagawa watu: je, usufi, dhikiri na tafakuri vina faida yoyote kwa mtu mwenye familia, kazi na madeni, au ni kimbilio la wanaotaka kuukwepa ulimwengu?

Yatima wa Tus

Ghazali alizaliwa karibu mwaka 1058 huko Tus, katika jimbo la Khorasan, jirani na ulipo leo mji wa Mashhad, kaskazini mashariki mwa Iran. Inaelezwa kuwa baba yake alikuwa fundi wa kusokota sufu, mtu maskini aliyependa kukaa karibu na wanazuoni ingawa mwenyewe hakusoma.

Kabla ya kufariki dunia, mzee huyo alimkabidhi rafiki yake, ambaye alikuwa Sufi, watoto wake wawili wa kiume, Muhammad na Ahmad, pamoja na akiba ndogo aliyokuwa nayo. Akiba ilipokwisha, mlezi hakuwa na uwezo wa kuwalisha. Akawashauri waingie madrasa, mahali ambapo wanafunzi walipewa chakula.

Baadaye Ghazali alikiri kwamba yeye na ndugu yake hawakuanza kusoma kwa ajili ya Mungu, bali kwa ajili ya tumbo, na kwamba elimu yenyewe ndiyo iliyowageuza nia.

Kutoka Tus alikwenda Jurjan kusoma. Inasimuliwa kuwa akiwa njiani kurudi nyumbani, msafara wao ulivamiwa na majambazi. Kijana Ghazali aliwafuata akiwasihi wamrudishie mfuko wa madaftari yake, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na elimu yote aliyoisafiria. Kiongozi wa majambazi alimcheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo inayoweza kuibwa pamoja na mfuko. Madaftari alirudishiwa, lakini maneno hayo yalimchoma. Miaka mitatu iliyofuata aliitumia kuhifadhi kichwani kila alichokuwa amekiandika.

Kisha akaenda Nishapur, akawa mwanafunzi wa al-Juwayni, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, hadi mwalimu huyo alipofariki dunia mwaka 1085.

Mavazi ya dinari 500

Baada ya kifo cha mwalimu wake, Ghazali alielekea kwenye kambi ya Nizam al-Mulk, waziri wa masultani wa Seljuk, ambaye alikuwa na nguvu kuliko mtu yeyote katika utawala baada ya sultani mwenyewe. Waziri huyo alipenda kukusanya wanazuoni na kuwapambanisha katika midahalo. Ghazali aliwashinda wengi, na mwaka 1091 akateuliwa kuongoza masomo katika Nizamiyya ya Baghdad, chuo kilichokuwa na heshima kubwa kuliko vyote vilivyoanzishwa na waziri huyo.

Kijana aliyeingia madrasa kwa kutafuta chakula sasa aliingia Baghdad kwa kishindo. Inasimuliwa kuwa watu wa mji walioyatazama mavazi yake na mnyama aliyempanda walikadiria kwamba thamani ya vyote ilifika dinari 500.

Katika miaka minne aliyokaa hapo aliandika kwa kasi. Alisoma falsafa peke yake, katika saa alizozipata kati ya kufundisha na kuandika, kwa muda usiotimia miaka miwili. Kisha akatumia karibu mwaka mzima kuipima. Matokeo yake yalikuwa kitabu cha kuwapinga wanafalsafa katika hoja 20, alichokikamilisha Januari 1095.

Huku nje, hata hivyo, dunia iliyomlea ilikuwa ikibomoka. Mwaka 1092 Nizam al-Mulk aliuawa kwa kisu, na mauaji hayo yakahusishwa na wafuasi wa Hassan-i Sabbah wa ngome ya Alamut. Mwezi mmoja tu baadaye Sultani Malik Shah naye akafariki dunia. Warithi wakaanza kupigania kiti, na Ghazali, aliyekwisha kuandika kitabu dhidi ya kundi hilo kwa ombi la khalifa, alikuwa karibu mno na watawala kuweza kusema kwamba mambo hayo hayamhusu.

Ulimi wagoma

Katika kitabu alichokiandika miaka kadhaa baadaye kueleza safari ya maisha yake, kiitwacho al-Munqidh min al-Dalal, Ghazali anaeleza kwamba tatizo lake halikuanzia kooni, bali katika nia.

Alijitazama akagundua kuwa elimu aliyokuwa akiifundisha haikuwa na manufaa makubwa kwa safari ya akhera, na kwamba kilichomsukuma kufundisha kilikuwa ni kutafuta jina na sifa. Tayari alikuwa amesoma vitabu vya Masufi waliomtangulia, akiwamo al-Muhasibi na Abu Talib al-Makki. Alivielewa vyote. Lakini aliona kuwa kuelewa si kuwa nacho, kama ambavyo tabibu mgonjwa anaweza kujua maana ya afya, sababu zake na dawa zake, na bado akawa hana afya.

Kwa karibu miezi sita, kuanzia Julai 1095, alivutwa huku na kule. Asubuhi aliazimia kuondoka, jioni azma ikayeyuka. Mwishowe mwili ndio uliokata shauri. Kuna siku alijilazimisha kufundisha ili asiwavunje moyo wanafunzi wake, lakini hakuweza kutamka hata neno moja. Akashindwa kumeza hata mchuzi.

Matabibu waliitwa. Walimpima, wakajaribu, kisha wakakata tamaa. Walisema kwamba ugonjwa umeanzia moyoni na kutoka hapo umeenea mwilini, hivyo hakuna dawa itakayofaa mpaka moyo upumzishwe na mzigo unaouelemea.

Hapo ndipo, kwa maelezo yake mwenyewe, alipomwomba Mungu kama mtu aliyeishiwa na hila, na kuachana na cheo kukawa jambo jepesi.

Mnarani Damascus

Novemba mwaka huo aliondoka Baghdad. Alitangaza kuwa anakwenda Makka, kwa kuhofia kwamba khalifa na marafiki wangemzuia kama wangejua kuwa hakusudii kurudi. Ukweli ni kwamba alielekea Sham. Mdogo wake, Ahmad, alishika nafasi yake ya kufundisha.

Kabla ya kuondoka aligawa mali yake, lakini hakugawa yote. Alibakiza kiasi cha kuwatosha watoto wake. Jambo hilo dogo ni muhimu, kwani linaonyesha kwamba mtu huyu aliyeukimbia ulimwengu hakuwatupa wale waliomtegemea.

Mjini Damascus, mtu aliyekuwa akizungukwa na wanafunzi mia tatu alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu, akajifungia mlango na kukaa humo kutwa nzima, akifanya dhikiri na kuihesabu nafsi yake. Kutoka huko alikwenda Jerusalem, akawa akijifungia kila siku ndani ya Kuba ya Mwamba.

Mwaka 1096, mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim huko Hebroni, aliweka nadhiri tatu: kutopokea fedha ya mtawala, kutokwenda mbele ya mtawala, na kutoingia katika mabishano ya kushindana. Vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa vimempandisha cheo. Kisha akaenda kuhiji.

Alipopita tena Baghdad, inasimuliwa kuwa watu walewale waliokadiria mavazi yake kwa dinari 500 walikadiria kuwa nguo alizovaa sasa hazikuzidi kirati 15, yaani chini ya dinari moja.

Daftari la nafsi

Ni katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipoandika Ihya Ulum al-Din, kazi kubwa ya maisha yake, yenye vitabu 40 vilivyogawanywa katika robo nne: ibada, desturi za maisha, yanayoangamiza na yanayookoa. Baadaye aliandika kwa Kiajemi, lugha ya watu wake, kitabu kingine chenye maudhui yanayofanana nayo.

Msomaji anayetarajia kukutana na njozi na miujiza katika Ihya hushangaa. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mambo ya kila siku, kama vile kula, kuoa, kusafiri, urafiki, hasira, wivu, ulimi na biashara.

Mfano mzuri ni mafunzo yake juu ya tafakuri ya nafsi, ambayo ameyajenga juu ya picha ya mfanyabiashara na mshirika wake. Umri wa mtu ni mtaji, na kila pumzi ni sehemu ya mtaji huo ambayo ikitoka hairudi. Hivyo asubuhi mtu na awekeane masharti na nafsi yake, kama tajiri anavyofanya kabla ya kumkabidhi mshirika fedha. Mchana amsimamie. Jioni wafungue daftari, wapige hesabu na kuona faida na hasara. Ikigundulika hasara, nafsi itozwe, ikazwe na kulaumiwa, siyo kuachwa iendelee kula mtaji.

Hakuna pango wala mlima katika mafunzo hayo. Yanahitaji dakika chache baada ya sala ya alfajiri na nyingine kabla ya kulala. Hata mwenye duka anaweza kuyafuata.

Aidha, Ghazali hakuwapa watu wote ratiba moja ya ibada. Aliwagawa katika makundi. Mtu asiye na majukumu anaweza kutumia saa nyingi katika uradi. Mwanazuoni ambaye watu wanamhitaji, kufundisha kwake ni bora kuliko nyongeza ya ibada. Mtawala, kuwashughulikia watu anaowatawala ndiyo ibada yake ya mchana. Ama fundi mwenye familia ya kulisha, huyo hana ruhusa ya kuwaacha watoto na njaa ili akae msikitini. Uradi wake ni kuwa sokoni na kufanya kazi, huku moyo wake ukimkumbuka Mungu.

Hali kadhalika, katika kitabu cha kwanza cha Ihya aliwakemea wasomi wenzake kwa kurundikana katika taaluma ya sheria, yenye vyeo na mapato, huku miji mingi ya Waislamu ikiwa haina tabibu Mwislamu hata mmoja. Kwake, utabibu, hesabu, kilimo na ufumaji ni wajibu wa jamii nzima, na jamii isiyo na mtu wa kuzifanya kazi hizo inabeba dhambi.

Shahidi mwenye shaka

Je, ukimya ule ulimbadilisha kweli? Jibu moja linatoka kwa mtu aliyemfahamu kabla na baada.

Abd al-Ghafir al-Farisi, mwanahistoria wa Nishapur aliyeishi wakati mmoja naye, aliandika kwamba zamani Ghazali alikuwa mkali na mwenye kiburi, akiwadharau watu kutokana na kipaji cha kusema na akili aliyojaliwa. Aliporudi Khorasan akiwa mpole na mwenye subira, Abd al-Ghafir alidhani ni maigizo. Akamtembelea mara kadhaa, akimchunguza. Mwishowe akakubali kuwa alikosea, na kwamba upole ule ulikuwa wa kweli.

Ushahidi huo una uzito kwa sababu haukutoka kwa mfuasi aliyevutiwa, bali kwa mtu aliyekwenda akiwa na shaka. Haukuzungumzia ndoto wala karama, bali ulizungumzia namna mtu anavyowatendea wenzake.

Ghazali mwenyewe hakudai kuwa alipata amani isiyokatika. Alikiri kwamba katika miaka ile kumi mambo ya familia na mahitaji ya maisha yaliichafua faragha yake, na kwamba utulivu kamili aliupata kwa nyakati chache tu. Lakini hakuacha kuutafuta.

Lawama

Hata hivyo, wapo wasiokubali hadithi hii kama ilivyosimuliwa. Baadhi ya wanahistoria wanaona kuwa aliikimbia Baghdad kwa hofu, ama ya visu vya Alamut, ama ya sultani mpya baada ya khalifa kuwa upande ulioshindwa. Kwa maoni yao, usufi ulikuwa vazi la kuficha woga.

Wengine wamemlaumu kwa ukimya wa aina nyingine. Mwaka 1099, miaka michache baada ya yeye kukaa Jerusalem, jeshi la Msalaba liliuteka mji huo na kuwaua wakazi wake wengi. Katika maandishi yake makubwa hakuna kilio juu ya msiba huo. Kwa wakosoaji, hiyo ni hasara ya kuutazama moyo mno na kuusahau mji.

Lawama nyingine zilitoka kwa wanazuoni. Ibn al-Jawzi alimkosoa kwa kutumia hadithi dhaifu na kwa kusifu mazoea ya Masufi yaliyopita kiasi. Huko Cordoba, mwaka 1109, Ihya ilichomwa moto hadharani wakati mwandishi wake angali hai.

Nadhiri ya Hebroni nayo ilijaribiwa. Mwaka 1106, Fakhr al-Mulk, mtoto wa Nizam al-Mulk, alimtaka arudi kufundisha katika Nizamiyya ya Nishapur, chuo cha dola. Ghazali alikubali. Alijitetea kwa kusema kuwa zamani aliita watu kwenye elimu inayoleta cheo, na sasa anawaita kwenye elimu inayofundisha kuacha cheo. Msomaji anaweza kuukubali utetezi huo au kuukataa, lakini ni wazi kwamba mtu huyo hakubaki mnarani.

Alipoitwa mbele ya Sanjar, mtawala wa Khorasan, alimwandikia akimkumbusha nadhiri yake. Aidha alitumia nafasi hiyo kuwaombea watu wa Tus, waliokuwa wameelemewa na dhuluma na mavuno mabaya.

Faida ipi?

Siku hizi tafakuri imeingia hospitalini, ingawa inayochunguzwa zaidi ni ile yenye asili ya Kibudha. Uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Waligundua kuwa mafunzo ya tafakuri hupunguza kwa kiasi wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakupata ushahidi kuwa yanazishinda tiba nyingine, kama vile dawa au mazoezi ya mwili.

Matokeo hayo ya kiasi yasingemshangaza Ghazali, wala yasingemridhisha. Yeye hakuutafuta ukimya ili alale vizuri. Aliutafuta kwa sababu aliona kuwa maisha yake ya nje yanasema jambo moja na moyo wake jingine, na mwili umekataa kuendelea kuubeba uongo huo.

Kutoka Tus hadi Lamu

Athari zake zilisafiri mbali. Vitabu vyake vya sheria ni miongoni mwa misingi iliyomfikisha al-Rafii, na baada yake al-Nawawi, kwenye Minhaj, kitabu kilichokuwa nguzo ya madhehebu ya Shafii katika mwambao wa Waswahili.

Ihya nayo iliheshimiwa sana na masharifu wa Hadhramaut wa njia ya Alawiyya, na wao na wanafunzi wao ndio waliopeleka mafunzo hayo Lamu, Zanzibar na Komoro. Miongoni mwao walikuwamo Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi wa Zanzibar aliyefariki dunia mwaka 1925, na Habib Saleh wa Lamu, aliyefariki dunia mwaka 1935, ambaye jina lake halitenganishwi na Msikiti Riyadha.

Asubuhi ya Jumatatu

Miaka ya mwisho Ghazali aliishi Tus. Karibu na nyumba yake alijenga madrasa kwa wanafunzi na zawia kwa Masufi, akagawa saa zake kati ya Kurani, mafunzo na mazungumzo na watu wa moyo. Akiwa mtu mzima mwenye jina lililojaa dunia ya Kiislamu, alirudi kuwa mwanafunzi, akisoma hadithi za Bukhari na Muslim, somo ambalo alijua kuwa hakulimudu vya kutosha.

Alifariki dunia Jumatatu, Desemba 18, mwaka 1111, akiwa na miaka 53 hivi. Inaelezwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, bali mabinti tu.

Ndugu yake Ahmad, yule waliyeingia naye madrasa wakitafuta chakula, ndiye aliyesimulia mwisho wake. Alfajiri ile Ghazali alitawadha na kusali. Kisha akaomba aletewe sanda, akaibusu, akaiweka machoni, akasema kwamba yu tayari kuitikia mwito. Akanyoosha miguu kuelekea kibla, na kabla ya jua kuchomoza alikuwa amekwisha kuondoka.